Kitabu cha Nehemia Kisomwapo Tena

Mkristo aliyefundishwa habari za Nehemia tangu utoto hudhani kwamba amekwisha kuzijua zote. Mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi apata habari kuwa kuta za Yerusalemu zimebomoka. Aomba ruhusa, asafiri, auzunguka mji usiku, na ukuta wamalizika kwa siku 52 huku adui wakidhihaki. Mahubiri mengi huishia hapo. Sura ya tatu hurukwa, kwa kuwa ni orodha ya majina tu: fulani alijenga, na baada yake fulani, na baada yake fulani.

Lakini sura hiyo hiyo, ikisomwa polepole katika mtaa kama Shauri Moyo, Nairobi, yaonyesha mambo ambayo msomaji hakuyatazamia. Nyumba za Shauri Moyo zilijengwa na Manispaa mwaka 1938 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Pangani, kijiji cha zamani ambacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930. Huko Pangani watu walikuwa wamejijengea nyumba kwa mikono yao na kupangisha vyumba. Shauri Moyo walikuta nyumba zilizokwisha kujengwa na wengine. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawawezi kusoma juu ya mji uliobomolewa na kujengwa tena kama wasomavyo hadithi ya mbali.

Basi, ni nani waliojenga ule ukuta? Wamo mafundi wa dhahabu na watengenezaji wa manukato, ambao bila shaka hawakuzoea kubeba mawe. Yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya, na binti zake walijenga pamoja naye. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinama kufanya kazi, lakini watu wao wa kawaida walimaliza sehemu yao, kisha wakajenga na ya pili. Wengine wengi walipewa sehemu inayoelekea nyumba zao wenyewe. Na hiyo ilikuwa akili kubwa ya Nehemia, maana nani atajenga vibaya mbele ya mlango wa watoto wake?

Karibu na mwisho wa orodha yuko Meshulamu, mwana wa Berekia. Huyu hakujenga kuelekea nyumba, bali kuelekea chumba chake. Mpangaji wa chumba kimoja akifika hapo husimama kidogo. Kumbe hata mwenye chumba tu alihesabiwa, na jina lake likaandikwa pamoja na ya makuhani! Ni wazo la kufurahisha, lakini afaa asiliharakishe. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni lile lile litumikalo baadaye kwa chumba kilichokuwa katika nyua za hekalu, kwa hiyo yawezekana Meshulamu hakuwa maskini hata kidogo. Tena jina lake limekwisha kutajwa mwanzoni mwa sura ile: alijenga sehemu mbili.

Na hapo ndipo penye ajabu. Msomaji akiendelea hadi sura ya sita, atalikuta jina la Meshulamu mara ya tatu, nalo limeandikwa mahali pabaya. Binti yake ameolewa na mwana wa Tobia Mwamoni, adui mkubwa wa kazi ile. Wakuu wa Yuda wanaandikiana barua na Tobia, na mbele ya Nehemia wanamsifu. Mtu aliyejenga sehemu mbili za ukuta alikuwa mkwe wa yule aliyetaka ukuta usijengwe! Nehemia hasemi kwamba Meshulamu alikuwa msaliti. Anataja tu, na kumwacha msomaji na swali. Katika sura ya mwisho, Tobia huyo huyo amepewa chumba ndani ya nyua za hekalu, na mjukuu wa Eliashibu, kuhani mkuu ambaye jina lake linaanza orodha ya wajenzi, ni mkwe wa Sanbalati. Mambo hayo yote hayaonekani na mtu aliyeiruka orodha.

Sura ya tano nayo mkulima ataisoma kwa moyo mzito. Katikati ya ujenzi watu walipiga kelele, si juu ya adui, bali juu ya ndugu zao. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha ya kodi ya mfalme, na watoto wao wakaingia utumwani. Nehemia aliwakemea wakopeshaji, kisha akakiri mbele ya mkutano kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wamekopesha. Ni mara chache mkubwa huandika jambo kama hilo katika habari zake mwenyewe.

Ukuta ulipokwisha, mji ulikuwa mpana na watu wake wachache, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Mkazi wa Nairobi, ambako watu hutafuta chumba kwa taabu, atastaajabu kusoma kwamba ilibidi kura ipigwe ili mtu mmoja katika kumi ahamie Yerusalemu, na waliojitolea wenyewe kwenda kukaa mjini walibarikiwa na wenzao waliobaki shambani.