Mgeni na Gitaa: Utunzi wa Nyimbo katika Tamasha la Wanafunzi la Kaskazini

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeshughulikiwa katika makala haya ni mwanamuziki anayealikwa kwenye tamasha la sanaa la wanafunzi ili awaongoze vijana kutunga nyimbo kwa muda wa siku chache. Mwenyeji naye ni lugha ya yule anayetunga. Linalochunguzwa ni iwapo lugha hiyo hupona kweli, au huondoka na jeraha ambalo hakuna aliyelikusudia.

Mji wa Trondheim nchini Norwe, ulio takribani nyuzi 63 kaskazini mwa ikweta, unafaa kuwa mfano kwa kuwa una mila mbili za matamasha ya wanafunzi. Ya kwanza ni UKA, tamasha lililoanzishwa mwaka wa 1917 wakati chama cha wanafunzi cha mji huo kilipokuwa na uhaba wa fedha. Tangu hapo, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo za kuchekesha na kukejeli, zilizotungwa na wanafunzi wenyewe kwa lugha yao, umekuwa moyo wa tamasha hilo. Ya pili ni Tamasha la Kimataifa la Wanafunzi, maarufu kwa ufupisho ISFiT, lililoanza mwaka wa 1990 na ambalo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa majira ya baridi. Hilo hukusanya mamia ya wanafunzi kutoka pembe mbalimbali za dunia, na lugha inayowaunganisha ni Kiingereza. Tofauti hii ya lugha baina ya matamasha mawili ya mji mmoja ni muhimu, na itarejelewa.

Je, mwanamuziki mgeni hufanya nini hasa katika warsha? Hahutubu. Kwa kawaida huwaketisha washiriki duara, huwataka waandike bila kusita kuhusu kitu kidogo kinachoshikika, mathalani ufunguo au kiatu, kisha huchagua fungu moja la maneno lenye uzito na kulifanya kiitikio. Beti huja baadaye kukieleza kiitikio hicho. Watunzi wengine huanza na mahadhi. Inafahamika kwamba Paul McCartney alipoupata muziki wa wimbo wake "Yesterday", uliotoka mwaka wa 1965, aliujaza kwanza maneno ya muda kuhusu mayai, yasiyokusudiwa kubaki, ili tu asiusahau. Woody Guthrie wa Marekani alizoea kuyachukua mahadhi yaliyokwisha kuwapo na kuyavisha maneno mapya. Watunzi wa taarabu nao, hasa kule Unguja, mara nyingi wamepokea shairi lililokamilika kutoka kwa malenga, kisha wakalitafutia muziki. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiingia katika warsha, huwa ameelekea njia hii ya tatu hata kabla hajajijua, kwa sababu arudhi imemfunza kuhesabu mizani kwanza na kuimba baadaye.

Hapo ndipo mgogoro unapoanza. Tuchukue mishororo miwili ya mizani minane minane, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya, kuhusu asubuhi ya majira ya baridi huko kaskazini ambako jua huchelewa:

Jua halijachomoza,
Njia imejaa giza.

Mgeni aliyelelewa katika nyimbo za Kiingereza atahesabu silabi nane na kufurahi, kwani anayo mahadhi mengi ya silabi nane. Tenzi za kanisani za Kiingereza zimejaa mishororo ya urefu huo. Hata hivyo, hesabu hiyo ni mtego. Katika mahadhi mengi ya aina hiyo sauti huanza kwa wepesi na kukazwa katika silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache kama vile "lazima" yatamkwapo kwa namna ya Kiarabu, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mshororo wa mizani minane, kwa hiyo, hukazwa katika silabi ya saba wala si ya nane. Mishororo iliyo hapo juu ikivishwa mahadhi hayo, "jua" hukazwa mwishoni, "njia" vivyo hivyo, na "chomoza" huangusha uzito wake wote juu ya "za". Msikilizaji ataelewa, lakini atahisi kwamba anayeimba ni mgeni katika lugha yake mwenyewe.

Tatizo hili si geni Afrika Mashariki. Yeyote aliyeimba tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, kama zile za *Nyimbo za Injili* au *Tenzi za Rohoni*, ameukaza mwisho wa neno usiostahili kukazwa, na pengine ameuzoea hata haoni ajabu. Mazoea hayo ndiyo yanayowafanya baadhi ya wanafunzi wetu kuamini kwamba wimbo wa gitaa lazima usikike hivyo.

Tiba yake ni ndogo mno kiasi cha kushangaza. Mahadhi yakiondolewa ile sauti nyepesi ya mwanzo, yakaanza moja kwa moja juu ya mdundo, mikazo huhamia silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mishororo ile ile sasa hukaa vizuri: "Jua" hukazwa mwanzoni, "imejaa" katika "ja" ya tano, "chomoza" na "giza" katika "mo" na "gi" za saba. Mwanamuziki mwenye sikio huweza kuligundua jambo hili kwa dakika tano, ilimradi amwombe mwanafunzi ausome mshororo kwa sauti ya mazungumzo huku akipiga makofi, kabla gitaa halijaguswa. Cha kuchekesha ni kwamba mwanamuziki wa Norwe ana nafasi bora kuliko mwenzake wa London, kwani maneno mengi ya lugha yake hukazwa kabla ya silabi ya mwisho na kuishia kwa irabu nyepesi. Shida ni kwamba katika warsha ya kimataifa naye huwa amekwisha kuhamia Kiingereza.

Kina nacho huleta kutoelewana. Kwa mgeni huyo, kina huanzia kwenye silabi iliyokazwa na kuendelea hadi mwisho wa neno. Kwa kipimo chake, "chomoza" na "giza" havina vina kamili, kwa kuwa "o" na "i" zimetofautiana. Kwetu "za" inatosha, tena imetosha kwa karne kadhaa. Akimshauri mwanafunzi abadilishe neno, mwanafunzi mwenye haya atalibadilisha na kupoteza picha nzuri aliyokuwa nayo. Inafaa ajue namna ya kujibu. Silabi ya kina cha Kiswahili ni nyepesi kimkazo, na ndiyo maana waimbaji wa tenzi huirefusha mwishoni mwa kipande ili sikio liinase. Kurefusha si kukaza. Mahadhi yanayokata mshororo ghafla huua kina, ilhali yanayoacha nafasi ya kuvuta sauti hukihuisha. Vilevile, mgeni akisema "punguza maneno", mtunzi wa Kiswahili hana maneno mengi ya kupunguza. "Halijachomoza" peke yake imebeba nafsi, ukanushi, wakati na tendo. Anachoweza kutumia ni inkisari, silaha ambayo washairi wamekuwa nayo siku zote.

Kuna shinikizo jingine lisilotokana na sauti. Warsha nyingi huishia kwa onyesho la usiku wa mwisho. Kadiri usiku huo unavyokaribia, ndivyo kikundi kinavyohofia hadhira na kuhamisha wimbo hadi Kiingereza, na mshororo wa Kiswahili hubakizwa kama pambo katika kiitikio. Huu ni uamuzi dhaifu. Wenyeji wenyewe hawakuufanya katika tamasha lao la zamani: wimbo "Nu klinger", uliotoka katika mchezo wa UKA wa mwaka wa 1929, umeendelea kuimbwa na vizazi vya wanafunzi wa Trondheim kwa lugha ambayo wasemaji wake ni milioni chache tu. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mno kuliko hao, hakina sababu ya kuomba radhi jukwaani.

Swala la mwisho ni la umiliki. Mnamo Aprili 1960, mwanamuziki Guy Carawan aliwaongoza wanafunzi waliokutana Raleigh, Marekani, kuuimba "We Shall Overcome". Wimbo huo haukuwa wake. Ulikuwa na mizizi katika nyimbo za kanisa za Wamarekani Weusi na ulikuwa umeimbwa na wafanyakazi wa tumbaku waliogoma huko Charleston katika miaka ya 1945 na 1946. Wanafunzi hao waliueneza wakaufanya kuwa wimbo wa harakati zao. Hata hivyo, hakimiliki iliandikishwa kwa majina ya watu wachache, Carawan akiwa mmoja wao, ingawa mapato yalielekezwa katika kusaidia harakati hizo. Wimbo uliachiwa umma mwaka wa 2018 tu, baada ya kesi mahakamani. Kwetu, mabishano kuhusu nani aliyeutunga "Malaika" yamewazunguka Fadhili William na Adam Salim kwa miongo mingi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaitambua kazi ya pamoja ambayo michango ya watunzi wake haitenganishiki. Wimbo wa warsha nao hutokana na michango ya wengi: mmoja ametoa kiitikio, mwingine ubeti, mgeni ametoa mahadhi. Karatasi moja iliyotiwa sahihi na wote kabla ya onyesho, yenye majina, tarehe na maneno ya wimbo jinsi yalivyoimbwa, huchukua muda mfupi kuliko kutia nyuzi za gitaa sawa. Katika karatasi hiyo, maneno ya Kiswahili yaandikwe kwanza, na tafsiri ifuate chini yake.