Wind River: Safu ya Itale Isiyo na Barabara

Mtu aliyekwishafika Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, huenda akatabasamu aambiwapo kwamba Gannett, kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, kina mita 4,209 tu. Hata hivyo, kimo ni kipimo hafifu cha ugumu wa mlima. Aendaye Lenana hupita lango la hifadhi, akalala vibandani, na aghalabu huandamana na kiongozi na wapagazi. Aendaye Gannett kutoka Elkhart Park, juu ya mji mdogo wa Pinedale, hutembea takriban kilomita 65 kwenda na kurudi bila kukuta kibanda hata kimoja. Hema, chakula na dawa vimo katika shanta lake mwenyewe.

Gannett ni sehemu ya safu ya Wind River, yenye urefu wa kilomita 160 hivi. Miamba yake ni itale na jamaa zake, na mingi imepita umri wa miaka bilioni mbili na nusu. Barafuto, yaani mito ya barafu iendayo polepole mno, ziliichonga itale hiyo zikaacha kuta wima na maziwa mengi. Mgongo wa safu hugawa maji: yaangukayo magharibi huingia mto Green na kuelekea Colorado, ya mashariki huishia Mississippi.

Upweke wa mahali hapa haukutokana na umbali peke yake. Ni uamuzi wa watu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ilitenga maeneo ambamo barabara na vyombo vya injini ni marufuku. Eneo la Bridger, upande wa magharibi wa safu, lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza. Huingiwa kwa miguu au kwa farasi. Kuliita eneo la namna hiyo nyika hakutoshi, kwani nyika ya Afrika Mashariki ina wafugaji, visima na njia za ng'ombe. Wala Wind River haikuwa tupu tangu jadi: mabaki ya makazi ya kale yamegunduliwa kwenye mwinuko unaozidi mita 3,200, mahali ambapo wageni wa leo hudhani wao ndio wa kwanza kukanyaga.

Msimu wenyewe ni mfupi. Theluji huziba vipito vya juu hadi Julai, na inapoyeyuka mbu hutoka kwa maelfu. Agosti na mwanzo wa Septemba ndio wakati mwafaka, ingawa theluji yaweza kuanguka mwezi wowote. Dubu nao wapo, kwa hiyo chakula hakilazwi hemani. Hutiwa katika kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua.

Lakini adui anayehitaji kuhesabiwa kwa saa ni radi. Mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, na juu ya itale tupu binadamu ndiye mti pekee. Ndiyo maana wakweaji wa Gannett huondoka kambini usiku wa manane, wakavuka kipito cha Bonney, karibu mita 3,900, kisha wakashuka kwenye barafuto kabla ya kupanda tena. Kurudi ni kukipanda kipito hichohicho, miguu ikiwa imechoka. Aliyechelewa hugeuka, hata kama kilele anakiona. Hakuna mlinzi wa kumwamuru. Huamua mwenyewe, na simu ya mkononi aghalabu haina mtandao.

Maarifa ya namna hii ndiyo yaliyomfanya Paul Petzoldt aanzishe shule ya uongozi wa nyikani mwaka 1965 mjini Lander, mashariki ya safu. Baadaye shule hiyo iliwahi kuwa na tawi nchini Kenya.

Sehemu kubwa ya mashariki ni ardhi ya Washoshone wa Mashariki na Waarapaho wa Kaskazini. Washoshone walithibitishiwa haki yao kwa mkataba wa mwaka 1868. Mgeni apitaye huko sharti apate kibali cha makabila hayo. Kwao barafuto si mandhari tu. Mwishoni mwa kiangazi, mvua inapokosekana, maji yake husaidia kujaza mto Wind na mifereji ya mashamba. Barafuto hizo zimesinyaa sana tangu karne ya 20, na itale iliyofunikwa jana leo iko wazi juani.