Kuhesabu Kalori za Sufuria ya Nyumbani

Huenda wasomaji wa gazeti letu wakastaajabu kumwona mwanafunzi wa Kidato cha Nne, tena mvulana, akiandika habari za sufuria na upawa badala ya mpira au mdahalo. Sina nia ya kuwafundisha mama zetu kupika. Nataka kueleza hesabu moja niliyolazimika kujifunza likizo ya Desemba iliyopita, kwa kuwa mama yangu mzazi alikuwa ameambiwa asile zaidi ya kalori 1,500 kwa siku, na nyumbani kwetu Muheza hapakuwa na mtu aliyejua sahani moja ya ugali ina kalori ngapi.

Mama ana ugonjwa wa kisukari. Kliniki walimpa karatasi iliyotaja vipande vya mkate wa dukani, maziwa yaliyotolewa mafuta, na vyakula vingine vya pakiti. Vitu vya namna hiyo havina shida, maana aghalabu kalori zake zimechapwa ubavuni mwa pakiti. Lakini ni nani aliyepata kuona kisamvu chenye maandishi ubavuni? Mama hakuuona ugali katika karatasi ile, akadhani umekatazwa, akauacha kabisa. Asubuhi akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, mchana akala mchicha mtupu, na vidonge vyake akavimeza kwa saa zilezile alizoagizwa.

Siku ya nne alikuwa sokoni. Akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho jingi, hata kujifunga kanga yake kukamshinda. Mwuza ndizi mmoja, Mungu ambariki, alimkorogea maji ya sukari akamnywesha, akapata nafuu. Kliniki walimweleza baadaye kwamba vidonge vile hushusha sukari ya damu, na mtu akivimeza bila kula chakula cha kutosha, sukari yaweza kushuka mno, nayo ni hatari kubwa. Akaambiwa ugali ale, ila kwa kipimo. Kipimo gani? Nilipofika likizo nilimkuta akiliuliza swali hilo kila alipoketi kula, na kila mara akijijibu kwa kula kidogo kuliko jana.

Basi, kwanza tujue kalori ni kitu gani. Waliosoma Fizikia watakumbuka kwamba kupasha moto kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kwahitaji juli zipatazo 4,200. Joto hilo ndilo kalori moja ya chakula. Katika miaka ya 1890 mtaalamu mmoja wa Marekani, Wilbur Atwater, alijenga pamoja na wenzake chumba kidogo ambamo mtu aliweza kukaa siku kadhaa, akila, akilala, na hata akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote, huku joto la mwili wake likipimwa. Kutokana na kazi ya mtu huyo twapata namba ambazo hutumika hata leo: gramu moja ya wanga hutupa kalori 4, gramu moja ya protini 4, na gramu moja ya mafuta 9. Msomaji asiyetaka kukumbuka lingine lolote katika makala hii, na aikumbuke hiyo 9.

Maji nayo hayana kalori hata moja. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo mlango wa hesabu yote. Chakula chetu cha nyumbani hupikwa kwa maji mengi, na kila mpishi ana maji yake. Ugali wa bondia na ugali laini wa mgonjwa waweza kutoka katika unga uleule, wenye kalori zilezile, lakini mmoja ukawa mzito zaidi kwenye mizani kwa sababu ya maji. Kwa hiyo yafaa kupima vitu kabla havijapikwa, kisha kukipima chakula chote baada ya kuiva, na kugawanya.

Kalori za vitu vibichi nilizipata katika majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Chuo Kikuu cha Harvard. Yanasomeka bure katika intaneti, nami niliyasoma kwa simu ya kaka yangu, ijapokuwa yameandikwa kwa Kiingereza. Namba nitakazozitaja hapa nimezikata kidogo ili hesabu isiwe na mikia. Mizani tuliazima kwa jirani mmoja anayeoka keki za arusi, mizani ndogo ya betri inayosoma gramu mojamoja.

Tulianza na ugali. Niliipima sufuria ikiwa tupu: gramu 640. Mama akapima unga wa sembe gramu 500. Kila gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360, kwa hiyo ndani ya sufuria mlikuwa na kalori 1,800. Maji akatia kwa jicho kama desturi yake, nami sikumwuliza. Ugali ulipoiva, kabla ya kuupakua, sufuria na ugali wake vilikuwa na uzito wa gramu 2,000. Ukitoa sufuria, ugali ni gramu 1,360. Gawanya 1,800 kwa 1,360, utapata kalori 1.32 kwa kila gramu, yaani 132 kwa gramu 100. Mama akapimiwa gramu 200, nazo ni kalori kama 265.

Nimeandika kana kwamba kazi ilikwenda sawa siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Siku ya kwanza nilisahau kuipima sufuria tupu, nikaona si neno, nitaipima baadaye. Niliporudi nikamkuta mdogo wangu wa kike ameshakwangua ukoko wote ameula, na hesabu yangu ikaharibika, kwa sababu ukoko nao ni unga. Tangu siku ile namba ya kila sufuria tuliiandika kwa mkaa ukutani mwa jiko. Naongeza kwamba dona na sembe hazipishani sana kwa kalori. Kliniki walimpendekezea mama dona kwa sababu ya makapi yake, ambayo husaidia sukari isipande kwa haraka.

Maharage ya nazi yalinisumbua zaidi. Maharage makavu gramu 500 yalikuwa na kalori 1,650. Mafuta vijiko viwili vya chakula, gramu 28, yakawa 252. Nyanya na vitunguu havikufika 80. Shida ilikuwa nazi. Nyama ya nazi gramu 100 ina kalori zipatazo 350, nasi tulikuna gramu 250, lakini nazi haiingii mchuzini yote: hukamuliwa tui, na machicha huenda kwa kuku. Ni mafuta kiasi gani yaliyobaki katika machicha? Jikoni hakuna njia ya kujua. Nikaihesabu nazi yote, kalori 885 kwa namba ya majedwali, nikaandika pembeni kwamba jumla imezidi kidogo. Maharage yaliyoiva yalikuwa na uzito wa gramu 2,200, na kalori zake zote zilikuwa karibu na 2,860, yaani 130 kwa gramu 100. Upawa mmoja wa kwetu huchota gramu 150, basi ni kalori 195.

Sasa nije kwenye chapati. Mama alikuwa ameacha ugali, lakini chapati moja ya Ijumaa hakuiona kuwa na hatia, maana ni moja, tena nyembamba. Hapa nilitumia hila ambayo nawashauri wenzangu waikumbuke: usiulize mpishi ametia mafuta kiasi gani, pima chupa. Chupa ya mafuta ilikuwa na gramu 910 kabla ya kuanza kusukuma, na gramu 690 chapati ya mwisho ilipotoka jikoni. Yaani gramu 220 zimekwenda katika unga, katika kupaka, na katika kukaanga. Mara tisa, ni kalori 1,980. Unga wa ngano kilo moja una kalori 3,640. Jumla 5,620, na chapati zilikuwa 14. Kila moja ilikuwa na kalori 400.

Mama hakuniamini. Akanituma niyarudie mahesabu mbele yake, kisha akamwita kaka naye ayarudie. Chapati moja ilikuwa imelishinda bonge la ugali aliloliogopa mwezi mzima, kwa kalori zaidi ya 130! Juma lililofuata alipika tena kwa gramu 80 za mafuta, akipaka kwa kitambaa badala ya kumimina kwa kijiko, na kila chapati ikashuka hadi kalori 311. Baba alisema zimekuwa ngumu kidogo. Mimi sikuona tofauti, lakini mwanafunzi wa bweni si shahidi mzuri katika mambo ya chapati.

Mchicha ndio ulionishangaza mimi mwenyewe. Gramu 400 za mchicha mbichi zina kalori 92 tu, na ndiyo sababu kila mgonjwa huambiwa ale mboga za majani kwa wingi. Siku hiyo dada ndiye aliyepika, akaikaanga kwa kumimina mafuta moja kwa moja kutoka chupani, kama tufanyavyo sote. Chupa ilipungua gramu 55. Hizo ni kalori 495. Mboga ya kalori 92 iliingia sufuriani ikatoka na kalori karibu 590, wala hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mafuta hayajazi sahani. Tangu hapo mafuta ya kila siku humiminwa asubuhi katika kikombe kidogo kwa vijiko, na yakiisha yameisha.

Hapana budi niseme pia yale ambayo hesabu hii haiwezi kufanya. Kalori 1,500 ni namba ya mama yangu, aliyopimiwa na wataalamu kwa umri, uzito na kazi yake. Asiichukue mtu mwingine kuwa yake, hasa mwenzangu wa bwenini ambaye bado anakua na anacheza mpira kila jioni. Tena kwa mwenye kisukari kalori si habari yote. Vyakula viwili vyenye kalori sawa vyaweza kupandisha sukari tofauti kabisa, maana wanga huipandisha kuliko mafuta, na ndiyo sababu mama hupima damu yake kwa kidole, na vidonge vyake havipunguzi wala haviongezi bila kliniki. Tena kuna vyakula visivyopimika: pilau la arusini, au uji ambao jirani amekuletea kwa mapenzi. Huwezi kwenda arusini na mizani.

Mizani yenyewe haikuwa yetu, na mwenyewe alikuwa na keki za Krismasi. Kabla ya kuirudisha tulitafuta bakuli ambalo ugali ukishindiliwa mpaka ukingoni huwa gramu 200. Tulijaribu vyombo vitano, tukalipata bakuli la bati la mdogo wangu, ambaye alilia mpaka akanunuliwa jingine. Upawa wa maharage tulikwisha kuujua, na chapati zilihesabika kwa idadi. Mama alipanga siku yake kwa bakuli, upawa na kikombe cha mafuta, akaipeleka karatasi kliniki mwezi wa Januari. Afisa lishe aliisoma, akaongeza kipande cha papai na samaki mmoja wa kuchemsha, na kusisitiza kwamba kifungua kinywa kisikosekane kamwe kabla ya vidonge. Nilipopiga simu nyumbani Jumapili iliyopita, mama alisema hajatetemeka tena tangu siku ile ya sokoni.

Mizani niliirudisha mwenyewe, pamoja na shukrani za mama: chapati mbili katika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilijua kalori zake zote, lakini jirani hakuniuliza, nami sikusema.