Mji uliopungua msongamano kwa usiku mmoja bila mtu kuhama

Tarehe 30 Juni 2005 mji wa Hamamatsu, nchini Japani, ulikuwa na watu takriban 2,300 kwa kila kilomita ya mraba. Kesho yake asubuhi, tarehe 1 Julai, ulikuwa na watu kama 530. Hapakuwa na tetemeko wala vita, na hakuna aliyefungasha mizigo. Watu waliamka kwenye nyumba zilezile, wakapanda mabasi yaleyale, yakiwa yamejaa vilevile.

Hamamatsu huenda hulijui kwa jina, lakini kazi zake unazijua. Ndiko yaliko makao makuu ya Suzuki, wale wa kile kigari cha mizigo ambacho mitaani Tanzania tunakiita kirikuu. Piano za Yamaha nazo asili yake ni huko. Sasa ilikuwaje mji mkubwa wa viwanda upoteze zaidi ya robo tatu ya msongamano wake wakati watu wamelala?

Kumbe kilichohama ni mpaka. Miaka hiyo serikali ya Japani ilikuwa inazihimiza serikali za mitaa ziungane ili kubana matumizi. Mwaka 1999 zilikuwa zaidi ya 3,200. Kufikia 2010 zilibaki kama 1,700. Hamamatsu ilikuwa na kilomita za mraba 257 hivi na watu laki sita. Siku ile ya Julai ikaungana na miji na vijiji jirani 11, vingi vikiwa vya milimani, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 1,500 na watu laki nane. Yaani watu waliongezeka kwa theluthi moja tu, ilhali eneo likawa karibu mara sita. Chukua kalamu ugawanye mwenyewe.

Hapa ndipo tunapotakiwa kukumbuka hesabu za sehemu za shule ya msingi. Msongamano wa watu ni sehemu: kiasi kiko juu ya mstari, asili iko chini. Juu tunaweka watu, chini tunaweka eneo. Tukisikia mji fulani una msongamano mkubwa, akili zetu zote zinakimbilia juu, kwa watu. Mara chache sana mtu anauliza: hiyo asili imetoka wapi?

Nilijifunza hili kwa aibu kidogo. Nilipoanza shahada ya uzamili nilichora grafu nzuri sana ya msongamano wa miji, rangi zimekaa, mhimili umenyooka. Msimamizi wangu akaiangalia, akaniuliza swali moja tu: "Hii mipaka kaichora nani?" Sikuwa na jibu. Mipaka ya miji haichorwi na wanasayansi. Inachorwa na mabaraza, mabunge, mito, na wakati mwingine ugomvi wa zamani wa wakulima juu ya maji.

Turudi Hamamatsu kidogo. Sehemu ya kaskazini ya mji huo leo ni kata inayoitwa Tenryu. Ina kilomita za mraba kama 940, zaidi ya nusu ya mji mzima, na wakazi chini ya 30,000. Hiyo ni kama watu 30 kwa kilomita ya mraba. Ni milima na misitu ya miti ya mbao. Sasa ile namba ya 530 inamwelezea nani? Mtu wa katikati ya mji anaishi kwenye msongamano mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Mtu wa Tenryu anaishi kwenye mdogo kuliko huo mara kadhaa. Ni wastani wa maisha ambayo karibu hakuna anayeyaishi.

Sasa twende Tokyo, maana najua ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Watu hupenda kuuliza: Tokyo ina msongamano kiasi gani? Jibu la haraka ni kuuliza, Tokyo ipi? Kuna Tokyo ya kiutawala, ambayo kwa hesabu ni kama mkoa. Ina watu milioni 14 kwenye kilomita za mraba 2,194, sawa na watu 6,400 hivi kwa kila moja. Ila ndani ya "Tokyo" hiyo kuna milima ya Okutama upande wa magharibi, na visiwa vya Ogasawara vilivyo baharini kilomita 1,000 hivi kusini. Kuna Tokyo ya pili, ya zile kata 23 ambazo mgeni akizitembelea ndizo anaziita Tokyo. Hapo sensa ya 2020 ilikuta watu milioni 9.7 kwenye kilomita za mraba 627, yaani kama 15,500. Halafu chukua kata moja tu, Toshima, kule kwenye kituo kikubwa cha treni cha Ikebukuro: watu laki tatu kwenye kilomita za mraba 13. Unapata kama 23,000.

6,400, 15,500, 23,000. Zote ni kweli, na zote zinaitwa Tokyo. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali linalosema Tokyo imeizidi Dar es Salaam mara nne, muulize kwanza. Sensa ya 2022 iliipa Dar watu milioni 5.38 kwenye mkoa wa kilomita za mraba 1,393, yaani kama 3,900. Lakini huo ni mkoa, wenye Manzese ndani yake na wenye Pembamnazi kule Kigamboni pia. Mkoa unalinganishwa na mkoa. Hapo tofauti inashuka hadi chini ya mara mbili.

Kiswahili chetu nacho kinatuletea mtego mmoja. Neno msongamano tunalitumia kwa ile hesabu ya kwenye sensa, na tunalitumia hilohilo kwa kubanana kwenye daladala saa moja asubuhi. Ni vitu viwili tofauti. Sensa inakuhesabu unakoishi, haikuhesabu unakoshinda. Angalia kata ya Chiyoda, katikati kabisa ya Tokyo, yenye kasri la mfalme, bunge na ofisi nyingi mno. Mwaka 2020 wakazi wake walikuwa kama 67,000 kwenye kilomita za mraba 11.66. Inakuja kama 5,700, namba ya kawaida tu kwa mji wa Japani. Lakini mchana, wafanyakazi na wanafunzi wakishashuka kwenye treni, hesabu ya waliomo ndani ya kata hiyo inapita 850,000. Ukipanga ukubwa wa kituo cha treni, idadi ya vyoo au njia za kukimbilia tetemeko likitokea kwa kutumia ile 5,700, umewaua watu.

Dhana nyingine ya kuiacha hapa ni kwamba msongamano ni maghorofa. Mji wa Warabi, kaskazini ya Tokyo, ndio mdogo kwa eneo kuliko miji yote ya Japani: kilomita za mraba 5.11. Unaweza kuuvuka kwa miguu kabla kiatu hakijaanza kukubana. Una watu kama 74,000, sawa na 14,500 kwa kilomita ya mraba, na sehemu kubwa yake ni nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizokaribiana sana, na vichochoro. Ghorofa refu lenye uwanja mpana wa magari pembeni linaweza kubeba watu wachache kuliko nyumba fupi zilizobanana. Watu wa Magomeni hawahitaji kuelezwa hili.

Na kabla hatujaondoka kwenye rekodi: utakuta mahali pengi pameandikwa kwamba kisiwa cha Hashima, karibu na Nagasaki, kiliwahi kuwa na watu zaidi ya 83,000 kwa kilomita ya mraba. Ni kweli kihesabu. Kisiwa kilikuwa cha wachimba makaa ya mawe, kina hekta 6.3, na mwaka 1959 kilikuwa na watu 5,259. Lakini hakukuwahi kuwa na watu 83,000 mahali popote pale. Kisiwa chenyewe hakifiki hata moja ya kumi ya kilomita ya mraba. Eneo likiwa dogo sana, namba inaruka. Hata chumba cha mtihani kina msongamano wa kutisha ukikipima hivyo. Mgodi ulifungwa 1974, na mwaka huohuo msongamano wa Hashima ukawa sifuri.

Basi, kama mipaka inadanganya, tufanyeje? Wajapani walikutana na tatizo hili mapema. Miaka ya 1950 pia walikuwa wameunganisha vijiji vingi kuwa "miji", na ghafla nchi ikajaa miji yenye mashamba ya mpunga katikati. Kuanzia sensa ya 1960 wakaanza kufanya jambo la akili: wanaisahau mipaka ya utawala, wanaanza na vipande vidogo vidogo vya sensa, wanachukua vile vyenye watu 4,000 au zaidi kwa kilomita ya mraba, wanaunganisha vinavyopakana, na kama mkusanyiko umefikisha watu 5,000, hapo wanasema: huu ni mji kweli. Hiyo 4,000 nayo ni mpaka uliochorwa na mtu, sawa. Lakini angalau ni uleule nchi nzima, na hausogei baraza la mji likipiga kura.

Na ulipotumika, ulionyesha kitu ambacho namba za kawaida zilikuwa zinakificha. Mwaka 1960 maeneo hayo yalikuwa na watu milioni 41 hivi kwenye kilomita za mraba 3,900, wastani wa 10,600. Mwaka 2020 yalikuwa na watu milioni 88, saba katika kila Wajapani kumi, kwenye kilomita za mraba 13,250, ambazo ni asilimia 3.5 tu ya nchi. Gawanya: kama 6,700. Watu wa mjini wameongezeka zaidi ya mara mbili, lakini msongamano wa mjini umeshuka kwa zaidi ya theluthi! Magari yalikuja, viwanja vya pembeni vilikuwa nafuu, familia changa zikatoka, na mji ukatanuka haraka kuliko ulivyojaa.

Kuna njia nyingine, ya kubadilisha swali. Badala ya kuuliza "kilomita ya mraba ya kawaida ina watu wangapi?", uliza "mtu wa kawaida amezungukwa na watu wangapi?" Tuseme mji una vipande viwili, kila kimoja kilomita ya mraba moja. Kimoja kina watu 19,000, kingine 1,000. Msongamano wa kawaida ni 10,000. Sasa waulize wakazi wenyewe mmoja mmoja. Watu 19,000 watakujibu "19,000", watu 1,000 watakujibu "1,000". Wastani wa majibu yao ni 18,100. Hii ya pili iko karibu zaidi na maisha yenyewe. Na ukiongeza kipande cha tatu cha msitu mtupu, msongamano wa kawaida unashuka hadi 6,700 hivi, wakati ile ya pili haitikisiki, kwa sababu msituni hakuna wa kuulizwa.

Unaweza kusema, sawa, ni hesabu tu. Hapana. Fikiria bomba la maji la mita 100. Likihudumia nyumba 20, kila nyumba inabeba mita tano za kulitunza. Likibaki na nyumba mbili, kila moja inabeba mita 50, na bomba halijui kwamba watu wamepungua. Linapasuka kwa kasi ileile. Vivyo hivyo basi la abiria, barabara ya kuondolewa theluji, shule. Na Japani watu wanapungua.

Mji wa Toyama, uliotanuka sana kwa sababu ya magari, ulianza mapema kuvuta watu warudi karibu na njia za treni na tramu, na mwaka 2006 ukafungua njia ya tramu pale palipokuwa na reli ya zamani iliyokosa abiria. Mpango wao wanauchora kama vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa kwenye kijiti: kijiti ni usafiri, vidonge ni mitaa ya kutembea kwa miguu. Sisi tungesema mshikaki. Mwaka 2014 sheria ya nchi ilibadilishwa ili miji mingine iweze kuchora maeneo ya namna hiyo.

Lakini Toyama wana pesa. Yubari, kisiwani Hokkaido, hawakuwa nazo. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, mitaa yake imefuata migodi ndani ya mabonde, kila mgodi na kijiji chake. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1990, na mwaka 2007 mji uliofilisika ukawekwa chini ya usimamizi wa serikali kuu. Shule za msingi ziliunganishwa ikabaki moja. Sensa ya 2020 ilikuta watu 7,300 hivi kwenye kilomita za mraba 763: chini ya 10 kwa kila moja. Ukiisoma peke yake, utadhani ni watu waliotawanyika sawasawa mashambani. Kumbe ni makundi madogo, mbalimbali, kila moja na bomba lake na barabara yake ya kuondolewa theluji.

Katika mtaa mmoja wa mji huo, Mayachi, wakazi waliokuwa wamebaki wachache wachache kwenye majengo ya ghorofa yaliyokaribia kuwa matupu walikusanywa kwenye majengo machache, mengine yakafungwa. Kwa mpangilio huo mtu aliyekuwa peke yake kwenye ngazi nzima anapata jirani wa kugonga mlango wake. Kwenye jedwali la sensa kazi hiyo haikusogeza namba hata kidogo. Watu ni walewale, na chini ya mstari bado imeandikwa 763.