Masalia ya Korona kwa Aliyekwisha Kupona

Mvuvi wa dagaa huko Guta, katika wilaya ya Bunda inayopakana na Ghuba ya Speke, huhesabu kazi yake kwa mwezi: usiku wa giza huingia ziwani na taa zake, na mbalamwezi inapotanda hubaki nchi kavu akitengeneza nyavu. Mtu wa kazi ya namna hii hangoji tabibu amwambie kwamba siha yake imepungua, kwa sababu kasia humwambia mapema. Na ikiwa atasema kwamba tangu mwaka ule wa nyungu hajapata kuvuka maji kidogo pasipo moyo kumwenda mbio na magoti kulegea, si insafu kumjibu kwa wepesi kwamba ni uzee, hasa akiwa hajatimiza miaka 40.

Mwaka wa nyungu sote twaukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hesabu ya taifa ikafika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha tangu Mei mwaka huo haikutolewa hesabu nyingine kwa zaidi ya mwaka. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021. Kati ya tarehe hizo watu waliugua majumbani, wakapiga nyungu, yaani wakajifunika mablanketi juu ya vyungu vya mchaichai na mwarobaini, na aliyefariki alisemwa kuwa alipatwa na changamoto ya upumuaji. Aliyepona alimshukuru Mungu akarejea kazini, bila kipimo wala cheti. Simlaumu mtu kwa nyungu, maana kila mmoja alishika kilichokuwa karibu. Ninalohuzunikia ni kwamba maradhi yaliyopita bila kuandikwa huacha masalia yasiyojulikana asili yake.

Na masalia yapo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliyaeleza rasmi kuwa ni dalili zionekanazo aghalabu ndani ya miezi mitatu tangu kuugua, zikadumu walau miezi miwili, wala zisipatiwe sababu nyingine. Kirusi cha korona huingia mwilini kwa kipokezi ambacho hakiko mapafuni peke yake, bali pia moyoni, katika mishipa ya damu, katika kongosho na katika tezi za homoni. Mwaka 2022 Ziyad Al-Aly na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha habari za askari wastaafu zaidi ya 150,000 walioambukizwa, nao wakaona kwamba katika mwaka uliofuata hatari ya kiharusi na ya moyo kushindwa kazi iliongezeka, hata kwa wale ambao hawakulazwa. Wengi wa hao walikuwa wanaume wa umri mkubwa, kwa hiyo sidai kwamba hesabu yao ndiyo ya Guta.

Tezi ndizo zinazotaka hadhari zaidi, kwa kuwa hujivika sura ya maradhi mengine. Tezi ya shingo ikivimba baada ya korona, kama walivyoripoti madaktari wa Pisa, Italia, mwaka 2020, homoni yake humwagika katika damu kwa wingi: mgonjwa hukonda, mikono hutetemeka, moyo hupiga kasi; kisha akiba ile ikiisha, mtu yule yule huwa mzito, mwenye kuhisi baridi na kusinzia mchana. Atakayemwona mwanzo atatibu moyo, atakayemwona baadaye atasema ana mawazo, na wote wawili watakuwa wamekosea. Tezi ndogo zilizo juu ya figo nazo zikipungukiwa, mtu hukonda, presha hushuka asimamapo, hutamani chumvi kupita kiasi, na ngozi yake huweza kuzidi weusi. Na kwa kuwa kifua kikuu, ambacho hakijatutoka, huziharibu tezi hizo hizo, sharti kipimwe hicho pia. Tena yuko aliyenunua deksamethasoni dukani, dawa iliyothibitika Juni 2020 kuwafaa mahututi wenye kuhitaji oksijeni, akaimeza wiki nyingi kisha akaiacha ghafla: huyo amezilaza tezi zake kwa mkono wake mwenyewe, bila kujua.

Kipimo kimoja cha masalia haya hakihitaji umeme. Mgonjwa alale kitambo, ahesabiwe mapigo kwa saa ya mkono na apimwe presha. Kisha asimame, ahesabiwe na kupimwa tena hadi dakika 10. Aliyelala na mapigo 72, akasimama yakawa 110 na presha isishuke, hasingizii, wala si mvivu.

Wazee wetu walikwisha kuyaona haya. Mafua makuu ya 1918 yalipopita kusini-magharibi mwa Tanganyika, wanahistoria wameandika, walionusurika walikuwa wanyonge mno hata mvua ziliponyesha hawakuweza kupanda, na njaa kubwa ikafuata. Kule ni jembe, hapa ni kasia.

Kwa hiyo namwomba mhudumu wa zahanati, mvuvi yule atakapoketi mbele yake, baada ya shikamoo na marahaba, na kabla ya kumwandikia dawa za malaria au barua ya kwenda hospitali ya Musoma au ya Bugando, amwulize: “Baba, mwaka ule wa nyungu ulilala siku ngapi?” Na jibu aliandike katika daftari la mgonjwa.