Oili ya pikipiki: Somo tulilolipuuza shuleni

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ukweli wa kauli hiyo sikuupata vitabuni. Niliupata miaka kadhaa iliyopita kando ya korongo kavu la mchanga katika Bonde la Kerio, saa saba za mchana, nikiwa nimesimama karibu na pikipiki ambayo injini yake ilikuwa imekwama kabisa. Nilikanyaga kiwashio kwa nguvu zangu zote, nacho kikagoma kushuka kana kwamba nimekanyaga jiwe.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa walimu, na kazi yangu ilikuwa kuzitembelea shule za msingi zilizotawanyika miteremkoni. Nilikuwa nimekabidhiwa pikipiki yenye injini ya cc 125, ya aina ile ndefu yenye magurudumu ya meno makubwa, iliyoundwa kwa ajili ya njia za mawe na vumbi. Kila asubuhi nilifungua tangi nikachungulia petroli. Oili sikuwa nimeitazama hata siku moja tangu muhula uanze.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemsaidia mwalimu mmoja kufundisha darasa la nane somo la msuguano. Tuliandika ubaoni kwamba mafuta hupunguza msuguano, wanafunzi wakanakili. Ndipo mvulana mmoja, ambaye babake alikuwa mwendeshaji wa bodaboda, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama oili haiishi jinsi petroli inavyoisha, kwa nini hubadilishwa?" Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika silabasi. Darasa likacheka, naye akaketi.

Fundi alipoifungua injini yangu alikuta oili isiyojaza hata glasi moja, nyeusi na nzito kama uji uliolala. "Mwalimu, hii imekufa kwa kiu," akasema. Pikipiki ikakaa nyuma ya ofisi muhula mzima ikingoja vipuri, kuku wakitaga chini yake. Shule saba za mlimani hazikumwona mkufunzi. Katika mojawapo, mwalimu mchanga aliyebebeshwa madarasa matatu peke yake alikuwa ameniomba nirudi kumsaidia. Nilipofika hatimaye, kwa miguu, nilikuta amekwisha kuacha kazi.

Basi leo naomba nimjibu yule mvulana, ingawa nimechelewa.

Kwanza, si kweli kwamba oili haiishi. Kila pistoni inapopanda na kushuka, oili kidogo hupenya kando ya ringi zake na kuungua pamoja na petroli. Injini iliyochakaa hunywa zaidi. Ndiyo maana kiwango kinaweza kushuka ilhali hakuna hata tone moja lililodondoka ardhini.

Pili, oili huzeeka hata isipopungua. Joto huifanya iungane na oksijeni ya hewa, ikageuka nzito na kuingia asidi. Chembechembe ndefu zinazoipa uwezo wa kubaki na uzito unaofaa katika baridi na katika joto hukatwakatwa na meno ya gia. Tena hubeba masizi, vumbi na unga wa chuma unaotokana na vipuri vinavyosuguana.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika magari mengi, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili ile ile hulainisha pistoni, gia na klachi. Mzigo huo wote hubebwa na takriban lita moja tu katika injini nyingi za cc 125, ilhali gari dogo aghalabu huwa na lita tatu au nne. Ongeza juu ya hayo vumbi la njia za mashambani, miinuko inayopandwa kwa gia ya kwanza, na mito inayovukwa maji yakifika injini, nawe utaelewa kwa nini pikipiki ya nyikani huhitaji oili mpya mapema kuliko ile ya lami. Pikipiki za mashindano ya motokrosi hazipimwi hata kwa kilomita. Oili yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa chache za kazi.

Kukagua oili hakuhitaji karakana. Simamisha pikipiki mahali tambarare, nayo iwe wima kabisa, wala isiegemee kigingi chake cha pembeni, kwa maana ikilala upande kipimo husema uongo. Washa injini kwa dakika tatu hivi, izime, kisha ungoje dakika mbili au tatu oili ishuke. Zipo injini zenye kidirisha cha kioo ubavuni. Hapo utazama tu kiwango kati ya alama mbili. Nyingine zina kijiti cha kupimia. Kichomoe, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha ukitoe tena na kusoma. Katika baadhi ya pikipiki kijiti hupimwa bila kukazwa, na katika nyingine hukazwa. Kitabu cha maelekezo ndicho hakimu. Zipo pia zinazohifadhi oili ndani ya fremu au katika tangi la pembeni, nazo ni lazima zikaguliwe punde tu baada ya injini kuzimwa.

Usihukumu kwa weusi peke yake. Oili nyeusi huenda inafanya kazi yake ya kubeba masizi. La kutisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo imeingiwa na maji. Ikinuka petroli, au kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, jua petroli inavujia ndani. Ukiona vipande vya chuma vinavyometameta, mwite fundi kabla hujasafiri.

Siku ya kuibadilisha, ipashe injini moto kiasi ili oili iwe nyepesi na iburure uchafu, lakini isiwe ya kukuchoma. Tega karai, fungua kifuniko cha juu, kisha ufungue nati ya chini na kuacha oili itiririke yote. Safisha chujio la wavu, na kama kuna chujio la karatasi, weka jipya. Badilisha pia ile washa laini ya nati, kisha ukaze kwa kiasi. Mwili wa injini ni wa aluminiamu. Anayekaza kwa uzito wa mwili mzima huharibu mikato yake na kujitafutia gharama isiyo na sababu. Mimina oili mpya kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, washa injini kidogo, zima, ungoje, halafu upime upya. Kuzidisha nako kuna madhara yake: oili iliyopita kiasi huchapwa ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Oili yenyewe ichaguliwe kwa makini. Alama kama 20W-50 au 10W-40 hueleza uzito wake katika baridi na katika joto. Aidha, tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA, kipimo cha Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake huoga katika oili. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano zaidi ili kuokoa petroli, na dawa hiyo huifanya klachi iteleze. Tazama, enyi walimu wa fizikia, mfano ulio bora kuliko ule wa ubaoni: ndani ya injini moja, tunauogopa msuguano kwenye pistoni na tunauhitaji kwenye klachi.

Wenye pikipiki za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 na DT125, wasichanganye mambo. Humo, oili ya kulainisha pistoni huungua pamoja na petroli na huwekwa katika tangi lake dogo. Giaboksi ina oili yake nyingine. Kwa injini zinazochanganyiwa kwa mkono, uwiano wa 1 kwa 50 maana yake ni mililita 100 za oili katika lita tano za petroli. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, na anayeikosea huua injini.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Wako wanaoipaka nguzo za ua kuzuia mchwa, na wengine huinyunyiza uwanjani kutuliza vumbi. Ina metali nzito na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Huingia udongoni, ikafika kisimani. Irudishe katika mtungi wenye kifuniko, uipeleke kwa wanaoikusanya, na unawe mikono kwa sabuni.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba mwalimu si fundi, na kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sipingani naye. Sisemi mwalimu afungue kichwa cha injini. Nasema kwamba anayefundisha msuguano na hawezi kusoma kijiti cha oili amefundisha nusu ya somo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulituahidi elimu ya mikono, kisha mitihani ikaimeza ahadi hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudia ahadi ile ile. Haitatimia kwa vitabu vya rangi pekee. Katika kila soko nchini wapo vijana wanaoendesha pikipiki za mkopo, nao walipita mikononi mwetu. Waliandika kwa usahihi mtihanini kwamba mafuta hupunguza msuguano. Ni wangapi tuliowaonyesha kijiti kilipo?

Ofisi zinazogawa pikipiki nazo zina lao la kujibu. Kutoa chombo bila kutenga fedha za lita moja ya oili, na bila daftari la kuandika siku ya kukagua, ni kununua ng'ombe na kumnyima majani. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika mambo haya ukuta hulipwa kwa fedha za umma na kwa masomo ya watoto.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Ikiwa anasoma gazeti hili, ajue kwamba swali lake ndilo lililokuwa somo lenyewe siku ile, na kwamba aliyestahili kuketi chini ni mimi.