Elimu ya Daktari wa Mbwa na Paka, na Maneno ya Kuifikishia

Daktari wa mifugo aliyepata shahada yake mwaka 1975 hakufundishwa hata neno moja juu ya ugonjwa wa parvo wa mbwa. Kosa halikuwa la walimu wake. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujajulikana bado. Ulizuka mwaka 1978, na kabla ya miaka miwili kupita ulikuwa umekwisha kuenea karibu dunia nzima, ukiua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Virusi vyake hushambulia utando wa utumbo na uboho wa mifupa, hata mwili ukakosa maji na kukosa pia chembe nyeupe za kuulinda. Mwaka uliofuata, huko Marekani, ulielezwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wa paka wazee ambao tezi yao ya dundumio hufanya kazi kupita kiasi: mnyama hula sana na huku anakonda. Mwaka 1986 vikagunduliwa virusi vinavyoharibu kinga ya paka. Mwaka 1987 ikathibitika ya kuwa paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa wamepungukiwa na taurini tu, kitu ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Watengenezaji wa chakula cha paka wakaiongeza, na ugonjwa huo ukawa adimu.

Basi daktari huyo alipotimiza miaka 12 kazini, alikwisha kupitwa na mambo manne makubwa, na bado mengine yalikuwa njiani. Ilipofika mwaka 2016 uchunguzi mmoja ulionyesha kwamba mbwa mwenye vali mbovu na moyo uliokwisha kutanuka, akipewa dawa ya pimobendani kabla hajaonyesha dalili za moyo kushindwa, hupata kama miezi 15 zaidi ya uzima. Na ule ugonjwa wa paka utokanao na virusi vya korona, ambao hujaza maji tumboni au kifuani, na ambao vitabu vyote vilisema hauna tiba, ulipatiwa dawa iliyotangazwa mwaka 2019. Daktari aliyekwenda kwa vitabu vyake vya shule angaliwaua kwa huruma paka ambao leo hupona.

Ndiyo sababu katika nchi nyingi daktari wa mifugo hahesabiwi kuwa amemaliza kusoma. Uingereza, chombo kinachosimamia kazi hiyo humtaka kila mwanachama wake asome saa 35 kila mwaka. Marekani, tangu mwaka 1972, kipo chama cha wabingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama, chenye mitihani yake, na matawi yake ya moyo, ya mishipa ya fahamu na ya saratani. Mambo haya yaeleweka, wala hayana haja ya kurefushwa hapa. Linalostahili kuchunguzwa katika kurasa kama hizi ni jambo jingine: elimu hiyo huitwaje kwa Kiswahili, na ikisha kumfikia daktari wa Morogoro au wa Nakuru, yeye huifikishaje kwa mwenye mbwa aliyesimama mbele ya meza yake?

Jina la kwanza ndilo lenye matata. Siku hizi aghalabu husemwa "elimu endelevu." Neno limeundwa vizuri kwa sarufi: kama tulia lizaavyo tulivu, na potea lizaavyo potevu, ndivyo endelea lizaavyo endelevu. Lakini kiishio hiki cha -vu hueleza hali ambayo kitu kimekwisha kuwa nayo na kutulia ndani yake. Mtu mtulivu hatulii upya kila siku. Utulivu ni tabia yake. Kadhalika maendeleo endelevu ni yale yasiyokauka. Kwa hiyo elimu endelevu, ikichukuliwa kwa maana ya asili ya umbo lake, ni elimu idumuyo, ambayo mtu akisha kuipata haimwishi. Nayo ni kinyume kabisa cha jambo linalokusudiwa, maana msingi wa masomo haya ni kukiri kwamba elimu ya daktari haidumu. "Elimu ya kuendelea" haina uzuri huo wa umbo, lakini haidanganyi. "Mafunzo rejea" husema kidogo mno, kwa kuwa parvo haikuwa jambo la kurejewa, ilikuwa mpya.

Jina la pili ni "wanyama wadogo." Katika lugha ambazo dhana hii ilizaliwa ndani yake, wadogo ni mbwa na paka, na wakubwa ni farasi na ng'ombe. Mfugaji wa Dodoma akiambiwa wanyama wadogo hufikiri mbuzi na kondoo, naye ana haki. "Wanyama wa nyumbani" halifai pia, kwa sababu kuku na punda ni wa nyumbani. Yamkini hapa Kiswahili hakihitaji istilahi yo yote. "Mbwa na paka" yatosha, na hakuna atakayekosea.

"Tiba ya ndani" ndilo la tatu. Jina hili la kutaja undani lilipata nguvu Ujerumani katika karne ya 19, na madaktari wa huko walikutana Wiesbaden mwaka 1882 katika mkutano wao wa kwanza wenye jina hilo. Undani wake ni wa viungo: moyo, ini, figo, kongosho. Lakini katika hospitali za Afrika Mashariki wagonjwa wa nje ni wale waendao na kurudi, na wagonjwa wa ndani ni wale waliolazwa. Basi asikiaye "tiba ya ndani" hudhani mbwa wake atalazwa. "Magonjwa ya ndani" ni afadhali, kwa kuwa undani huo waupa ugonjwa, si tiba.

Hapana budi kukumbuka historia ya kazi yenyewe. Tangu mwanzo daktari wa mifugo wa Afrika Mashariki alikuwa daktari wa ng'ombe. Masomo ya shahada yalipoanzishwa Kabete mwaka 1962, na baadaye Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kilipata hadhi yake mwaka 1984, haja kubwa ya nchi ilikuwa maziwa, nyama na ngozi. Na lugha ilifuata haja. Kwa ng'ombe Kiswahili kina majina mafupi, makali, yasiyohitaji maelezo: kimeta, chambavu, sotoka, ndigana kali, ndigana baridi. Baadhi yametoka kwa wafugaji wenyewe. Ndigana lafanana mno na oltikana la Wamaasai. Majina haya yana maisha yao. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani, lakini jina halikufa pamoja na ugonjwa: limehamia kwa mbuzi na kondoo, ambao nao wana sotoka yao itokanayo na virusi vya ukoo ule ule. Kwa mbwa na paka hakuna hazina kama hiyo. Pwani, mbwa hakukaribishwa ndani ya nyumba hata mtu akapata kujua namna anavyougua, na paka, ijapokuwa alipendwa, hakupelekwa kwa mganga.

Hata hivyo upungufu wa majina ya magonjwa si hatari kubwa. Parvo yaweza kuitwa parvo. Hatari iko katika maneno ya kawaida, yale ambayo mwenye mnyama huyatumia kueleza alichokiona. Maana katika magonjwa ya ndani nusu ya kazi hufanyika kwa kuuliza.

Tazama neno tapika. Mwenye mbwa asema, "Mbwa wangu anatapika." Kwa daktari habari hiyo ni milango miwili. Kama mnyama alidondokwa na mate, akahangaika, tumbo likajikaza mara kadhaa, ndipo chakula kikatoka, basi ametapika kweli, na ugonjwa waweza kuwa wa tumbo, wa utumbo, wa figo, wa ini, au wa sumu. Lakini kama aliinamisha kichwa tu na chakula kikatoka chenyewe, hakijasagika, pengine kingali na umbo la mrija kiliopitia, basi hakikufika tumboni kamwe; kilikwama katika umio. Yaweza kuwa umio umetanuka na kulegea, na mbwa wa namna hiyo yumo katika hatari ya chakula kuingia mapafuni. Uchunguzi wa mlango mmoja haufai mlango wa pili, na fedha za mwenye mbwa zaweza kumalizika katika mlango usio wake.

Je, Kiswahili hakina neno la jambo hili la pili? Kinalo, ila limelala mahali pengine. Ni cheua. Ng'ombe hucheua majani, na mama husema mtoto amecheua maziwa, yaani yamerudi kinywani pasipo kichefuchefu wala kujikaza. Maana hii ya mtoto ndiyo hasa anayoihitaji daktari wa mbwa. Kikwazo ni kwamba mwanafunzi wa udaktari wa mifugo amekwisha kulifunga neno hilo kwa ng'ombe katika mwaka wake wa kwanza, ambako kucheua ni dalili ya afya; kumwambia ya kuwa mbwa anayecheua ni mgonjwa humletea kicheko. Kicheko hicho si hoja. Maneno ya lugha hubeba maana mbili bila kuvunjika, na mama wa mtoto mchanga hamchanganyi mwanawe na ndama. Afadhali kocha wa madaktari hawa awafundishe kuuliza hivi: "Je, ametapika, au amecheua tu kama mtoto mchanga?" Mtu wa Tanga atajibu mara moja.

Kuhusu figo, neno la mtaani ni kali kuliko ugonjwa. Figo za paka mzee huchakaa polepole. Uwezo wa kukoleza mkojo hupotea zikisha kuharibika kama theluthi mbili, na uchafu huanza kuonekana kupanda katika damu zikisha kupotea kama robo tatu. Daktari anayeendelea kusoma ajua kwamba robo iliyosalia, kwa chakula kinachofaa na maji ya kutosha, yaweza kumchukua paka miezi mingi, na pengine miaka. Lakini majibu yakitoka husemwa, "Figo zimekufa," au kama wasemavyo vijana, "figo zimefeli." Kilichokufa hakifufuki, mwenye paka hulia, kisha huomba sindano ya kumpumzisha. "Figo zimechoka" lingeeleza ukweli zaidi, na Kiswahili hulijua vizuri kwa watu na kwa mashine.

Lakini neno lililo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua kama watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na mara 99 kwa 100 mtu huupata kwa mbwa. Mashirika ya afya ya dunia yamejiwekea lengo la kuvikomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na njia yajulikana: kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Jina lina sehemu mbili, na kila sehemu ina mtego wake.

Mtego wa kwanza ni -a ya uhusiano. Kiungo hiki cha Kiswahili hakisemi uhusiano ni wa namna gani. Homa ya matumbo hutaja mahali, homa ya manjano hutaja dalili, homa ya Bonde la Ufa hutaja nchi, ndui ya kuku humtaja mwenye kuugua, na kichaa cha mbwa humtaja aletaye. Msikiaji huchagua mwenyewe. Akilichukua kama ndui ya kuku, atafikiri ni ugonjwa wa mbwa peke yao. Basi paka aliyemparura na kumwuma hamshughulishi, wala ng'ombe anayedondoka mate. "Paka ana kichaa cha mbwa" ni sentensi ichekeshayo, lakini ni kweli tupu.

Mtego wa pili ni kichaa chenyewe. Kichaa kwa Mswahili ni kelele, mbio na fujo. Mbwa akikimbia ovyo na kuuma miti, kila mtu hujua na kujihadhari. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine ya kupooza. Mbwa hujificha gizani, taya la chini hulegea, mate humtoka, hawezi kumeza. Hana fujo yo yote. Mwenye mbwa humwonea huruma, hudhani mfupa umemkwama kooni, naye hutia mkono kinywani autafute. Madaktari wapya nao wamepata kufanya hivyo, kwa kuwa mfupa wa kooni ni jambo la kila siku na jina la ugonjwa halikuwaonya. Mkono wenye mkwaruzo, ukisha kuguswa na mate hayo, hauna budi kuoshwa papo hapo kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, na mtu apelekwe kuchanjwa siku ile ile. Dalili zikisha kumtokea, karibu hakuna aponaye.

Kulibadili jina lote ni kazi bure. Limo katika sheria, katika mabango na katika vinywa vya watoto. Lakini kuligawa kwawezekana, kama wafugaji walivyoigawa ndigana kuwa kali na baridi ingawa ni magonjwa mawili yenye vijidudu mbalimbali. Kichaa kikali na kichaa baridi: mfugaji wa Arusha hahitaji kufafanuliwa. Akiambiwa ya kuwa mbwa wake aliyelegea taya aweza kuwa na kichaa baridi, ataurudisha mkono wake kabla haujafika kinywani.